Viatu Bila Tope

Maiti ililala kifudifudi mtaroni, na bata wawili waliizunguka bila haraka, wakijitafutia chakula kwenye magugu.

Inspekta Gerlof Hiemstra alisimama ukingoni, mikono ndani ya mifuko ya koti la mvua. Jumapili asubuhi, upepo wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, unamkata masikio, na kahawa yake ilikuwa imebaki mezani nyumbani. Nyuma yake mfugaji jirani alikuwa akiwaeleza watu wa gari la wagonjwa, kwa sauti ya mtu asiyepata wasikilizaji kila siku, jinsi alivyotoka kukamua ng'ombe akaona koti linaelea.

"Mwanamume, mtu wa makamo," alisema Sajini Tjitske Wouda, aliyekuwa amechuchumaa karibu na maji. "Koti kafunga zipu mpaka shingoni. Pochi ipo. Sietse Algra, miaka hamsini na sita. Mlinzi wa daraja."

"Daraja lipi?"

"Lile la kuinuka pale kijijini. Afande, umepita pale maisha yako yote. Ndiye aliyekuwa anakushushia kizuizi kila ukichelewa kazini."

Inspekta alimkumbuka. Uso hakuujua, ila mkono uliopunga dirishani. Aliona haya kidogo kwamba hakuwahi kujua jina la mwenye mkono ule.

Mtaro ule ulipita nyuma ya nyumba kubwa ya shamba. Zamani nyumba ile ilitoa maziwa. Sasa watu waliijia kwa safari za bila kuondoka kitandani. Mtu hunywa chai ya uyoga wa njozi, hufungwa kitambaa machoni, huwekewa muziki masikioni, kisha hulala chali mchana kutwa akikutana na yaliyomsibu. Pembeni yake hukaa mwenzake aliye timamu, asiyeonja kitu, akimshika mkono mpaka arudi. Huyo huitwa msindikizaji. Sheria haikukataza, na majirani walikuwa wamezoea, ingawa hawakuacha kuwacheka.

Mwenye nyumba, Joost Wellinga, alikuja akivuka nyasi kwa viatu vya mbao, nywele zake za mvi zimefungwa nyuma.

"Gerlof," alisema kwa upole. Watu wa nyumba ile humwita kila mtu kwa jina lake la kwanza. "Huu ni msiba wetu sote."

"Mwite Inspekta," alisema Sajini. "Msiba mtagawana baadaye."

"Marehemu alikuwa mgeni wako?" Inspekta aliuliza.

"Alisafiri jana. Kwa ajili ya mke wake aliyefariki. Safari ilikwenda vizuri sana. Alilia, akatulia, jioni akala supu ya njegere. Kisha akasema anataka kutembea kidogo peke yake. Hakurudi. Tulidhani amelala mapema."

"Ulimwona akitoka?"

Joost alitazama viatu vyake vya mbao. "Nilimwona."

"Nani alimsindikiza?"

"Geesje. Geesje Tadema. Ndiye bora tuliye naye."

Wakati huohuo gari dogo jekundu liliingia langoni likasimama vibaya, gurudumu moja juu ya maua. Msichana alishuka. Ilikuwa kanuni ya nyumba ile kwamba msafiri haendeshi gari siku ya kurudi, ndugu humfuata. Nynke Algra, miaka kumi na tisa, alikuwa amemfuata baba yake.

Hakuna aliyefanikiwa kumzuia. Alifika mpaka kwenye utepe wa polisi akaliona koti.

"Lile nilimnunulia mimi," alisema.

Inspekta alimshika bega. Alitaka kumpa neno, lolote, kwa kuwa ukimya ule ulimshinda. "Binti, baba yako alikuwa na huzuni nyingi siku hizi?"

"Tangu mama afe."

"Pole sana. Inaonekana aliingia majini mwenyewe."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilikuwa limeshatoka, na lilisikika. Mfugaji alilisikia, watu wa gari la wagonjwa walilisikia. Nynke alikaa chini palepale kwenye nyasi zenye maji.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nimemtuma."

"Usiseme hivyo."

"Hukuwepo wewe! Jana nilimleta. Tukagombana hapo langoni. Nikamwambia mama alikufa sote tukalia, sote tukanyamaza, wewe unalia mwaka wa pili. Nikamwambia..." Alijiziba mdomo kwa mkono, kisha akautoa. "Nikamwambia, ukitaka kumfuata, mfuate."

Sajini alimwinua, akampeleka kwenye gari la polisi, akamfunika blanketi. Aliporudi hakumtazama bosi wake.

"Afande."

"Najua, Tjitske."

"Maiti yenyewe hatujaigeuza."

"Nimesema najua."

Waliigeuza. Na hapo ndipo Inspekta alipoona aibu ya kweli. Miguu ya marehemu ilikuwa imebaki juu ya ukingo, nje ya maji. Viatu vilikuwa vya ngozi, vya soli yenye mifereji mirefu. Kutoka nyumbani hadi mtaroni palikuwa na shamba lililolowa mvua ya wiki nzima, na buti za kila aliyekuwa pale zilibeba tope mpaka vifundoni. Soli za Sietse Algra zilikuwa safi.

"Huyu hakutembea kuja hapa," alisema polepole.

Sajini alikuwa ameshainama kwenye nyasi. Mfuo mwembamba ulikuwa umekata tope kutoka banda la kuni hadi ukingoni. Gurudumu moja.

"Toroli," alisema. "Wameenda kumwaga mtu kama samadi."

*

Jumatatu asubuhi Dokta Hedwig van Ommen aliwapokea katika chumba cha uchunguzi wa maiti mjini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu, aliyependa watu wamalize maswali yao haraka.

"Hakuzama," alisema. "Mapafu hayana maji wala magugu. Mshipa wa moyo umeziba. Moyo umemuua."

"Kwa hiyo ni kifo cha kawaida."

"Moyo ni wa kawaida. Yaliyofuata si ya kawaida hata chembe. Mmemkuta kifudifudi?"

"Ndiyo."

"Damu imetuama mgongoni. Alikufa akiwa chali, akabaki chali masaa kadhaa kabla ya kuhamishwa." Alivuta taa karibu na uso wa marehemu. "Mstari huu kwenye paji la uso ni wa kitambaa cha macho. Mpira wake ulibana. Na huu hapa juu yake kidogo ni wa pili. Maana yake kilivuliwa kikarudishwa."

"Na mikwaruzo ya shavuni?"

"Kucha zake mwenyewe. Ngozi yake nimeikuta chini ya kucha zake. Alikuwa anapambana kukivua."

Sajini alifungua daftari. "Tumboni kuna nini, Dokta?"

"Chai, tangawizi, vipande vya uyoga."

"Supu ya njegere?"

"Hata punje."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Joost Wellinga ilikuwa imeishia tumboni mwa maiti. Inspekta alichukua kofia yake, lakini daktari alimzuia.

"Bado. Mtu huyu ana kilo zaidi ya tisini. Ukimbeba bila ujuzi utamvuta kwapani, visigino vitaburuzika, ngozi itachubuka. Huyu hana mchubuko popote. Aligeuzwa ubavu, shuka likaingizwa chini yake, akatelezeshwa. Nimekaa hospitali nusu ya maisha yangu, Inspekta. Hivyo ndivyo wanavyohamisha mgonjwa watu waliofundishwa kumhamisha."

Njiani kurudi walipita darajani. Kijana mgeni alikuwa amekaa dirishani mahali pa Sietse. Nynke alikuwa chini, kwenye ngazi za kibanda, bado na nguo za jana. Inspekta aliomba gari lisimame, akashuka.

"Baba yako aliwahi kuumwa moyo?"

"Hakuwahi kwenda kwa daktari." Hakuinua macho. "Akipanda ngazi hizi alikuwa anashika kifua. Nikimuuliza anasema ni gesi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini Sietse hakuwa peke yake katika kuficha.

"Nynke, kuna jambo nilisema jana nikiwa sijui..."

"Wamekuja asubuhi majirani," alimkatiza. "Wamesimama pale ng'ambo, wamenitazama, wamepita. Mama wa duka la mkate hata pole hakunipa. Mfugaji amewasimulia kila kitu. Na nilivyomwambia baba, pia amewasimulia." Aliinuka. "Ukijua, ndipo uje. Usije na mengine ya kubahatisha."

  Inspekta alirudi garini akafunga mlango taratibu, na Sajini, ambaye kwa kawaida angekuwa na utani mfukoni, aliwasha gari tu.

*

Joost aliwakaribisha kwa chai. Sajini alikisogeza kikombe pembeni.

"Supu aliyokula Sietse," alisema, "ilikuwa na soseji?"

"Tunapika ya mboga tu. Hapa hatuli nyama."

"Tumbo lake linasema hakula hata hiyo."

Joost aliweka birika mezani.

"Ulimwona akitoka?" Inspekta aliuliza.

"Inspekta..." Sasa cheo kilikuwa kimepatikana. "Hapa tuna kanuni. Msafiri hatoki nje kabla wasindikizaji wawili hawajamtazama machoni na kukubaliana kwamba amerudi. Wawili, si mmoja. Ni kanuni niliyoitunga mimi, ninaifundisha hadi nje ya nchi."

"Nimekuuliza, ulimwona?"

"Nilikuwa na mgeni mwingine chumba cha mbele, hali yake ilikuwa ngumu. Geesje alikuja akaniambia, wangu amekula, ameenda kutembea. Nikasema sawa. Nilipaswa kuinuka. Sikuinuka."

"Ndiyo ukasema ulimwona."

"Mtu amekufa mtaroni mwangu! Ningesema kwamba kanuni yangu mwenyewe nimeivunja?"

"Ndiyo," alisema Sajini. "Ungesema hivyohivyo. Na binti yake angelala usiku."

Joost aliinamisha kichwa. Alionekana mdogo kwenye sweta lake kubwa.

"Katika watu wako," Inspekta aliuliza, "nani aliwahi kufanya kazi hospitali?"

 Mwenye nyumba alitazama dirishani. Nje, mwanamke mrefu alikuwa akianika shuka, maana Jumatatu ni siku ya kufua.

*

Geesje Tadema aliomba waongee kwenye chumba chake cha kazi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono mikubwa iliyosuguliwa safi, sauti ya chini inayompa mtu usingizi. Chumba kilikuwa na godoro na mto sakafuni, kigoda kifupi, na hakuna kingine. Sajini aliegemea mlango, kinasa sauti mkononi. Geesje alikaa kwenye kigoda, kama alivyozoea. Inspekta akabaki na godoro.

Inspekta alipokaa, Geesje alichukua mto akauweka nyuma ya mgongo wake. Mikono ilifanya hivyo yenyewe. Kisha akaiona, akairudisha mapajani.

"Bibi Geesje, una haki ya kunyamaza na ya kumwita wakili."

"Najua. Nimenyamaza siku mbili. Imetosha."

"Alifia hapa?"

"Hapo ulipokaa."

Inspekta alitamani kuinuka. Hakuinuka.

"Eleza."

"Alikunywa chai asubuhi. Mwanzo ulikuwa mzuri. Alicheka kidogo, akamwita mke wake. Mchana akasema kifua kinabana."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia avute pumzi, aielekeze palepale panapobana. Asipakimbie."

"Kisha?"

"Jasho likamtoka. Akasema mkono unauma." Alisita. "Wa kushoto."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni huzuni ya mke wake. Inatoka."

"Ulikuwa muuguzi."

"Ndiyo."

"Wa wodi gani?"

Geesje aliitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Wodi ya moyo," alisema. "Miaka ishirini."

Sajini, pale mlangoni, alisema neno ambalo halikupaswa kuingia kwenye kinasa sauti.

"Basi ulijua," alisema Inspekta.

"Vidole vyangu vilijua. Vilikuwa hapa kwenye kifundo cha mkono wake, mapigo yanarukaruka. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua. Lakini humu ndani, afande, kila msafiri anakufa. Wote! Wanashika vifua, wanalia nakufa, wanatuomba tuite gari la wagonjwa. Jioni wanacheka, wanakula supu, wanatushukuru kwamba hatukuwasikiliza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Msindikizaji akiogopa, msafiri anaogopa zaidi. Unafundishwa kukaa. Unakaa, unatabasamu, unamwambia apite."

"Hakuna anayeruhusiwa kupiga simu?"

"Kuruhusiwa unaruhusiwa." Alicheka bila furaha. "Mwaka jana nilipiga. Mama mmoja alisema moyo unasimama. Nikaita gari la wagonjwa, wakaja na ving'ora, wakamvua kitambaa, wakampima. Hana kitu. Alitoka humu amevurugika, akadai tumemwibia safari yake. Joost hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alinicheka tu, mezani, mbele ya wenzangu wote. 'Nesi bado hajamtoka Geesje.' Wakacheka wote. Nami nikacheka. Tangu siku hiyo nikaapa hawatanicheka tena."

"Na Sietse akavua kitambaa."

"Akakivua. Akanitazama. Macho yale nayajua, nimeyaona wodini mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema." Sauti yake nzuri ilikwaruza. "Nikamrudishia."

"Akakivua tena?"

"Alijaribu. Nikamshika mikono. Kwa upole. Tulikuwa tumekubaliana asubuhi kwamba ningeweza kumshika mikono."

"Neno la mwisho ulilomwambia?"

Geesje alitazama mlango.

"Bibi Geesje."

"Nilimwambia: 'Kufa tu, Sietse. Usiogope. Nipo hapa.' Nikamwambia taratibu, kama ninavyowaambia wote. Akafa. Nikaendelea kumshika mkono. Nikadhani ametulia. Hapana, hata hilo ni uongo. Nilijua, nikakaa nikijifanya sijui mpaka muziki ukaisha."

Upepo ulipiga shuka pale nje. 

"Kwa nini hukumwita Joost hata hapo?"

"Ningemwambia nini? Kwamba muuguzi wa moyo amekaa na mgonjwa wa moyo, amemziba macho, amemshika mikono, amemwambia afe?"

"Uliogopa jela?"

"Jela!" Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Jela mtu anakaa na wezi. Niliogopa nyuso. Wale niliofanya nao kazi wodini, ambao niliwaaga nikiwaambia nyinyi mnatibu nyama, mimi naenda kutibu roho. Wangesikia. Niliona aibu, afande. Sina neno lingine, na hili ni dogo mno. Jioni, wenzangu wako jikoni, nikamvisha koti na viatu, nikafunga kamba. Nikamgeuza na shuka, nikamtoa kwa mlango wa nyuma hadi kwenye toroli. Mgongo wangu bado unauma."

"Kwa nini mtaroni?"

Geesje alisugua mgongo wake.

"Ungeweza kumwacha hapahapa," alisema Inspekta. "Ungesema amefia usingizini. Kwa nini mtaroni?"

"Usiku angekuwa amelala kwenye godoro langu. Wangeuliza nilimwonaje. Mtaroni hakuna anayeniuliza."

"Watu wangeulizana kwa nini ameingia majini."

"Sababu ilikuwepo," alinong'ona.

Inspekta alielewa, na alitamani asingeelewa. "Ulikuwa wapi Jumamosi asubuhi, Sietse alipoletwa?"

"Mlangoni. Nawapokea mlangoni."

"Ulisikia."

"Nilisikia. Msichana alipiga kelele. Ukitaka kumfuata, mfuate." Machozi yalishuka, hakuyafuta. "Nilijua atasema. Nilijua angejitaja mwenyewe, na hakuna ambaye angetafuta mwingine."

"Ulichukua neno la mtoto aliyekasirika ukamfukia nalo baba yake."

"Ndiyo."

"Sema lote."

"Nilimbebesha mtoto ili nisibebe mimi."

Inspekta aliinuka kutoka kwenye godoro. Alikuwa na maneno makali tayari, yamepangwa kooni. Kisha akakumbuka nani aliyempa Nynke mzigo huo kwa mdomo wake, pale kwenye nyasi, mbele ya watu. Geesje aliuandaa, yeye akamtwisha binti. Maneno makali aliyameza.

"Kuna kingine," alisema Geesje. "Aliomba simu."

"Lini?"

"Kabla ya kuvua kitambaa. Alisema, 'Mwite Nynke. Ana gari, atanifikisha haraka.' Simu za wasafiri tunaziweka ofisini. Huwa wanapiga wakiwa njozini, wanasema mambo, kesho yake wanajuta. Nikamwambia atampigia kesho." Alinyoosha mikono mbele ili Sajini amfunge pingu. "Mwambieni. Au msimwambie. Mimi sijui lipi ni baya zaidi."

*

Nynke aliwafungulia mlango Jumanne asubuhi. Alikuwa ameoga, amechana nywele, amekaa tayari kama mtu anayengoja hukumu.

Inspekta alibaki amesimama. Alivua kofia.

"Sasa najua," alisema. "Baba yako hakujiua. Mshipa wa moyo ulimziba akiwa kwenye godoro lao, mchana, mikononi mwa mtu aliyepaswa kumsaidia na hakumsaidia. Amekiri. Mtaroni alipelekwa maiti."

Msichana alishika ukingo wa meza.

"Niliyokuambia Jumapili hayakuwa kweli. Nilisema nisiyoyajua. Naona aibu, na ninakuomba radhi."

"Alisema kitu?"

Sajini alimtazama Inspekta. Hata yeye hakujua angejibu nini. Inspekta mwenyewe hakujua mpaka alipojisikia anasema.

"Aliomba uitwe. Alisema una gari, utamfikisha haraka. Hawakumpa simu."

Nynke alikaa. 

"Jumamosi nilikuwa pale kanisani, karibu na nyumba yao," alisema. "Siku nzima. Kutoka pale hadi kwao ni hatua chache tu. Nilitaka kurudi kumwomba msamaha, nikaona haya kugonga mlango, nikasema wataniona mtoto mjinga. Nikakaa ndani ya gari nikila chipsi. Siku nzima nilikuwa pale."

 Alilia sasa, kwa sauti, kilio cha mtu ambaye kwa siku mbili aliona hana haki ya kulia. Sajini alikaa kando yake akamshika. Inspekta alitazama sakafu, kofia mkononi.

Kilipopungua, Nynke alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Ulilisema mbele ya watu," alimwambia Inspekta.

"Nililisema."

"Basi na hili ukaliseme mbele ya watu. Leo. Nikiwepo."

Sajini alifungua mdomo kutaja taratibu za jeshi la polisi, upelelezi ambao haujafungwa, mwendesha mashtaka. Inspekta alimwashiria anyamaze.

Duka la mkate lilikuwa limejaa, kama kila Jumanne. Mfugaji alikuwepo, foleni ya katikati, akisimulia. Alipomwona Nynke alikatiza, na watu wote wakakuta kitu cha kutazama kwenye rafu.

Inspekta Hiemstra alisimama mbele ya kaunta. Masikio yake yalikuwa mekundu, na safari hii si kwa upepo.

"Mnanijua," alisema. "Jumapili nilisema Sietse Algra alijitupa majini. Mmoja wenu alinisikia, na wengine mmesikia kwake. Si kweli. Alikufa kwa moyo. Alikuwa anamwita binti yake aje ampeleke hospitali, akanyimwa simu. Neno lile lilikuwa langu, nililisema kabla sijamtazama hata maiti. Kosa si la Nynke. Anayetaka kumcheka mtu anicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Mfugaji alivua kofia yake, akaigeuzageuza. Foleni ilifunguka polepole, bila mtu kuambiwa, mpaka Nynke akajikuta mbele.

Mama wa duka aliifuta mikono kwenye aproni. Watu wa kule hawajui kusema pole mbele ya watu, husema lililo karibu.

"Mkate wa sukari, mwanangu?" aliuliza. "Ule mkubwa wenu?"

"Mdogo," alisema Nynke. "Niko peke yangu."